Ridhaa kwa Dole Gumba la Kulia

Sitara ni nchi njema. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana serikali yake iliomba ifutwe humo kwa sababu za faragha. Na wewe msomaji ukiona mambo yake yanafanana na ya kwenu, tafadhali geuza uso, kwani sisi watu wa Sitara hatupendi kufanana na wengine bila ridhaa yetu.

Mimi ni raia mtiifu. Nauza chai na maandazi mbele ya geti la Kiwanda cha Mapazia cha Taifa, na hapo kwenye benchi langu hukaa mameneja, madereva, wafagizi na hata maofisa wa Kamisheni ya Staha wanapokuja kukagua. Mtu akishika kikombe cha chai ya tangawizi husahau kwamba kuna sheria ya siri. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyaiba popote. Yalimwagwa mezani kwangu, nami nikayafuta kwa kitambaa.

Kiwanda chetu hushona mapazia ya ofisi zote za serikali, na hakuna nchi inayohitaji mapazia mengi kuliko yetu. Ndani yake kuna mashine ya kunyoosha kitambaa, magogo mawili makubwa ya chuma yenye moto, yanayozunguka yakibanana. Wafanyakazi waliibatiza jina la Shangazi, kwa kuwa ukimkaribia anakushika na hakuachii mpaka amalize anachotaka. Zamani Shangazi alikuwa na wavu wa chuma mbele yake, wa kuzuia mikono. Wavu huo ulipunguza mwendo wa kazi, ukaondolewa na kupelekwa stoo, ambako ulifunikwa vizuri kwa pazia.

*

Sheria ya Staha ya Majeruhi ilizaliwa hivi. Mwaka mmoja mwakilishi wa usalama kazini alibandika ubaoni majina ya watu walioumia, na magazeti yakaja. Serikali iliumia sana moyoni. Haikuumia kwa ajili ya mikono ya watu, bali kwa ajili ya heshima yao. Kamishna wa Staha, Dakta Sengondo, alisimama bungeni akiwa na machozi yaliyopangwa vizuri.

"Waheshimiwa," alisema, "mtu wa Sitara anaweza kupoteza kiungo, lakini hawezi kupoteza faragha yake! Kiungo ni cha mwili, mwili huoza. Taarifa binafsi haziozi! Je, tutakubali mama wa watu aliyepata bahati mbaya aanikwe mbele ya umma kama nguo za kufuliwa?"

Wabunge wakapiga meza hadi moja ikapasuka na kumkwaruza mbunge mmoja, ambaye jina lake sheria hiyo mpya hainiruhusu kulitaja.

Tangu siku hiyo ajali ikawa siri ya aliyeumia, na kwa usalama zaidi ikatunzwa hata yeye mwenyewe asiifikie. Aliyeumia haitwi tena majeruhi, huitwa Mhusika. Mhusika hupelekwa nyumbani kwa mlango wa nyuma na kupewa likizo ya staha, likizo ambayo sijapata kuona mtu aliyerudi kutoka huko. Na kwa kuwa sauti ya mtu nayo ni taarifa binafsi, kengele za hatari ziliondolewa kiwandani. Badala yake, mtu akianza kupiga kelele, msimamizi hubonyeza kitufe na vipaza sauti hupiga wimbo wa taifa. Kelele za Mhusika humezwa, utambulisho wake hulindwa, na watu wote husimama wima, mikono pembeni, mpaka beti ziishe.

Ni wimbo mzuri. Una beti nyingi.

*

Mwaka huu wafanyakazi walimchagua Nyamizi kuwa mwakilishi wa usalama. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mshonaji wa pindo. Walimchagua kwa sababu ndiye pekee aliyeisoma Sheria ya Usalama Kazini, sheria ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Inasema kwamba mwakilishi ana haki ya kuona kumbukumbu za ajali, na akionyesha kwamba mashine fulani imewahi kuumiza mtu, mashine hiyo isimamishwe hadi itengenezwe. Sheria hiyo na ile ya Staha ziliishi kabati moja kama wake wenza, hazisalimiani.

Hakuwa na haja ya kuziona kumbukumbu zile mpaka lilipotoka tangazo kwamba kuanzia Jumatatu ya mwisho wa mwezi, atakayesimama kwa Shangazi ni Kibibi.

Kibibi huyu ni shoga yake Nyamizi wa kufa na kuzikana. Mchana ni mfanyakazi, jioni na Jumapili ni msusi, na mjini kwetu hakuna mikono iliyosuka kama yake. Wanawake walikuja kwake kutoka vitongoji vyote. Hata Bi Salha, mke wa Kamishna Sengondo, alikuwa hasukwi na mwingine. Kwa mikono hiyo Kibibi alilisha watoto wake na mama yake, maana mshahara wa kiwandani ulikuwa wa kusindikizia tu.

Nyamizi alikwenda kwa meneja, Bwana Lupenza, mtu laini, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Bwana Meneja, naomba kuona kumbukumbu za ajali za Shangazi."

"Shangazi? Dada yangu, Shangazi hana historia."

"Aliyesimama pale kabla, mzee Ngulo, yuko wapi?"

"Nani?"

"Ngulo. Umefanya naye kazi miaka yote hiyo, ulimsimamia hata harusi ya binti yake."

Bwana Lupenza aliinamisha kichwa kwa huzuni. "Sheria hainiruhusu kukiri kwamba niliwahi kumjua mtu wa jina hilo. Hiyo harusi, kama ilikuwapo, nilikula pilau la mtu asiyejulikana."

Lakini hakuwa katili. Alimpa Nyamizi nakala ya kumbukumbu iliyosafishwa kwa mujibu wa kanuni. Nyamizi alikuja nayo mezani kwangu, nikaiona kwa macho yangu. Kila kilichoweza kumtambulisha mtu kilikuwa kimepakwa wino mweusi. Jina la mtu lilipakwa, tarehe ilipakwa, mashine ilipakwa, kiungo kilipakwa. Yaliyobaki kusomeka ni maneno "na," "kwa" na "hivyo," na chini kabisa jina la mpiga chapa wa serikali.

"Angalau unajua kwamba kuna kitu kilitokea *na* kingine, *kwa* sababu, *hivyo*," nilimwambia.

Alinikata jicho. Nikamwongezea chai bure.

*

Alipofika Kamisheni ya Staha alipokewa na Kamishna mwenyewe, nyuma ya mapazia saba ya kiwanda chetu. Dakta Sengondo hakumkatalia. Watu wakubwa wa Sitara hawakatai kamwe, wanakuelekeza.

"Mwanangu, haki yako ni yako," alisema. "Tena mimi ni mtetezi wake namba moja. Unachohitaji ni ridhaa ya Mhusika tu. Akiridhia yeye, mimi ni nani nizuie? Chukua karatasi hizi. Mhusika aweke alama ya dole gumba la kulia, hapo penye kiduara. Basi. Rahisi kama kumeza mate."

"Na huyo Mhusika nitamjuaje, wakati jina lake ni siri?"

"Hilo swali ni zuri sana," alisema Kamishna, akasimama kumpa mkono wa kwaheri.

Hapo ndipo serikali yetu, pamoja na hekima zake zote, iliposahau jambo moja. Watu wetu, mtu akipata janga, wanakwenda kumpa pole. Hawaombi kibali, hawajazi fomu. Wanabeba sukari, sabuni na kilo ya mchele, wanabisha hodi, wanakaa mkekani, wanasema "pole sana, Mungu ndiye mpaji," na wakiondoka wanajua kila kitu mpaka alivyolala mgonjwa. Sheria ya Staha ilifunga makabati yote nchini lakini haikufikiria mikeka.

Nyamizi na Kibibi wakachukua kikapu, wakaanza kuzunguka mitaani. Nyumba ya kwanza waliulizia ya pili, ya pili ikawaelekeza ya tatu. Wahusika walikuwa wamejaa mji mzima, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Mzee Ngulo walimkuta na mkewe uani. Mkono wake wa kulia alikuwa ameufunika kwa kitenge. Alifurahi kuwaona mpaka akalia, maana tangu aende likizo ya staha hakuna hata mmoja wa kiwandani aliyethubutu kufika. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa kumtembelea ni kumvunjia faragha. Nyamizi alimweleza haja yake, akatoa karatasi na kidau cha wino.

"Dole gumba la kulia, baba. Hapo tu, kwenye kiduara."

Mzee Ngulo aliangalia karatasi, akaanza kucheka. Alicheka kicheko kibaya, hata mkewe akaenda kufunga mlango kisitoke nje. Kisha akafunua kitenge.

"La kulia, mwanangu? Hilo analo Shangazi."

Ilikuwa hivyo kila nyumba. Kitambaa kinapoingizwa kwenye magogo, pindo lake hubanwa kwa dole gumba la kulia, hakuna namna nyingine ya kukishika kisipinde. Kwa hiyo Shangazi akivuta, huanza na dole hilo, na mara nyingine haishii hapo. Wenye siri walitaka kuitoa kwa moyo wote. Walikosa cha kuitolea.

Nyamizi akarudi kwa Kamishna, safari hii hakukaa kitini.

"Wakubalie dole la kushoto."

"Dole la kushoto?" Dakta Sengondo alishtuka kama aliyetukanwa. "Mwanangu, kisheria dole la kushoto ni la mtu mwingine kabisa! Leo nikubali la kushoto, kesho utaniletea la mguu. Faragha itabaki wapi?"

"Hawana la kulia, Kamishna. Ndiyo ajali yenyewe."

"Sasa hapo," alisema Kamishna akiinua kidole chake kizima, "umekwisha kunifichulia taarifa binafsi bila ridhaa. Nitajifanya sikusikia, kwa kuwa nakupenda."

*

Ikafika Jumapili ya kuamkia kazi mpya. Kibibi alimkalisha Nyamizi kibarazani, katikati ya magoti yake, akamsuka. Mimi nilikuwa nimepeleka maandazi ya mama yake, nikabaki kupiga soga.

"Kataa," Nyamizi alisema. "Usisimame pale kesho."

"Nikatae nile nini? Meneja kaniambia, ukikataa Shangazi umekataa kazi. Tulia, usitingishe kichwa."

"Nakuomba, Kibibi."

"Na mimi nakuomba utulie, njia itapinda." Akacheka, akamgonga kichwani kwa kitana. "Mie mikono yangu ni myepesi. Huyo Shangazi wenu atanikamata labda niwe nimelala."

Alikuwa amemaliza upande wa kulia wa kichwa, mistari imenyooka kweli, alipokuja dereva wa Kamishna. Bi Salha ana harusi, anamtaka Kibibi sasa hivi. Mke wa Kamishna haambiwi subiri. Kibibi alinyanyuka, akakung'uta nywele gaunini.

"Jifunge kitambaa, shoga. Nitakumalizia kesho nikitoka kazini."

*

Jumatatu, chai yangu ya saa nne ikiwa ndiyo kwanza imetoka jikoni, vipaza sauti vya kiwanda vikaanza kupiga wimbo wa taifa.

Wote tuliokuwa nje ya geti tulisimama wima, ndiyo desturi. Mlinzi alipiga saluti. Muuza magazeti alivua kofia. Mimi nilisimama na birika mkononi, na chini ya ngoma na tarumbeta, katika ubeti wa kwanza, nilisikia sauti ninayoijua. Sheria inasema sikuisikia. Niliisikia! Nawaambia niliisikia, na birika likainama, chai ikanimwagikia mguuni, nami sikusogea, kwa sababu nchi ilikuwa inaimba.

Ndani watu wote walisimama, mikono pembeni, wakitazama mbele. Kitufe cha kuzima Shangazi kiko ukutani, mbali na anayeshika kitambaa, na hakuna anayeruhusiwa kutembea wimbo ukipigwa. Nyamizi alitembea. Alikimbia, akawasukuma waliosimama, akazima mashine ubeti wa pili ukiwa katikati. Kama si yeye, mkono wote ungekwenda mpaka begani.

Kibibi alipelekwa kwa mlango wa nyuma, likizo ya staha. Nyamizi alishtakiwa kwa kuudharau wimbo wa taifa.

Jioni ile watu walikwenda kumpa pole. Habari ya Kibibi haikuhitaji kuuliza nyumba ya kwanza wala ya pili. Walijaa uani, barazani, mpaka barabarani, wengi wao wanawake aliowasuka, na wazee waliokuja na vitenge mikononi. Serikali ilipoona watu wengi hivyo mahali pamoja wakijuliana hali, ilishikwa na uchungu wa faragha. Kesho yake likatoka tangazo: ni marufuku kumpa mtu pole bila kibali cha Kamisheni, na mwenye kuomba kibali aambatanishe ridhaa ya anayepewa pole, kwa dole gumba la kulia.

Hapo nilikasirika. Samahani, nilianza hadithi hii nikijikaza niwe mpole, raia mwema, mtu wa kuchekesha. Lakini nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Walimkata mwanamke mkono wa riziki yake, kisha wakamfunika kwa maneno mazuri ili asionekane, wakatuambia tusitazame, kumtazama ni kumkosea adabu.

*

Nyamizi alirudi kazini bila kitambaa kichwani. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa, upande wa kushoto nywele zimesimama tu. Alipita getini hivyo, akakaa kwenye cherehani yake hivyo.

Bwana Lupenza alimwambia anadhifishe kichwa. Aliendelea kushona. Siku zilizofuata mstari wake wote wa vyerehani ukaja na nusu kichwa. Wanawake walikaa mbele ya vioo, wakafumua upande mmoja wa kazi ya Kibibi, upande mwingine wakauacha. Ikaingia sokoni, ikaingia shuleni, ikaingia msibani. Mgeni akiuliza, "Mji huu mna nini na vichwa vyenu?" aliyeulizwa anasema tu, "Msusi wetu hajamaliza." Mgeni atauliza kwa nini, na hapo ataambiwa.

Kamisheni ilikaa vikao. Wataalamu walibishana kama nywele ni taarifa. Mmoja alisema zikiwa zimesukwa ni taarifa, zikifumuliwa ni maoni. Mwisho Nyamizi akaitwa nyuma ya yale mapazia saba. Dereva wa Kamishna alikuwa kasimama mlangoni, na yote haya nimeyapata kwake.

"Nywele zako zinasema nini?" Kamishna aliuliza.

"Hazisemi kitu, Kamishna."

"Zinasema! Mji mzima unazisoma! Nani kakusuka, lini, na kwa nini hakumaliza? Jibu!"

"Hiyo ni kumbukumbu ya ajali ya mtu," alisema Nyamizi. "Siwezi kukupa bila ridhaa yake. Mlete aweke dole gumba la kulia, hapo penye kiduara."

Dereva anasema alimwona Kamishna akitazama dole gumba lake mwenyewe, kisha akaweka mkono mfukoni.

Kamishna alipofika nyumbani, mezani palikuwa na wali wa nazi na samaki. Bi Salha alikaa mbele yake, nusu kichwa kimesukwa kwa mtindo ule ule wa harusi, nusu kimefumuliwa.

"Hata wewe?" alisema Kamishna. "Mke wangu! Nani amekuambia ufanye hivi?"

"Kula, baba," alijibu Bi Salha. "Hayo ni mambo ya faragha."

*

Kesho yake wavu wa Shangazi ulirudishwa. Mafundi waliufunua stoo, wakaufunga kwa nati chache, kazi ya asubuhi moja, chai yangu haikuwahi hata kupoa. Redio ilitangaza kwamba mashine imewekewa urembo kwa ajili ya sikukuu, na kwamba urembo huo hauhusiani na tukio lolote, kwa kuwa hakuna tukio lolote. Kumbukumbu bado zimefungwa. Mzee Ngulo bado yuko likizo. Kibibi anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, na mama yake ndiye anayemfunga gauni.

Bwana Lupenza alitoka ofisini kwake siku ile, uso umekunjuka, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya Nyamizi. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia.

"Haya dada yangu, mambo yamekwisha. Mlitaka wavu, wavu huo hapo. Hata shitaka lako la wimbo nimewaombea walifute. Sasa nenda kasuke hicho kichwa, tuendelee na kazi."

Nyamizi hakuinua macho kwenye pindo.

"Namngoja Kibibi," alisema. "Aliniambia atanimalizia akitoka kazini."